Kapeti la sponji la mtoto: Ya kuangalia kabla ya kulipia

Juni ikiingia, sakafu za Old Moshi hubadilika tabia. Saruji iliyosuguliwa polishi nyekundu, ambayo Januari huburudisha nyayo, huwa baridi kiasi kwamba mtoto wa miezi sita akiwekwa juu ya khanga iliyokunjwa mara mbili hulia mpaka mtu ambebe. Ndipo makapeti ya sponji yenye rangi nyingi, yaliyofungwa ndani ya nailoni, huonekana mapajani mwa abiria wa hiace na nyuma ya bodaboda zinazotoka Kiboriloni kupanda Tsuduni hadi Kidia.

Wauzaji huyaita kapeti la watoto. Ni vipande vya mraba vyenye meno pembeni, vinavyopachikwa kimoja kwa kingine hadi kona ya sebule ifunikwe. Vingine vina herufi, namba au picha za wanyama zinazochomoka katikati.

Mnunuzi mara nyingi ni mama anayekaribia kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 zikiisha mtoto hajafikisha hata miezi mitatu, na anayebaki naye nyumbani ni bibi yake au dada wa kazi. Mama anashuka mjini asubuhi akitegemea kwamba pale chini alipomwacha ni salama.

Kapeti zuri linasaidia kweli. Baya linaweza kumpalia mtoto. Tabu ni kwamba yakiwa yamening'inizwa kibandani, lililo zuri na lililo baya hufanana, na pengine lililo baya ndilo lenye rangi za kuvutia zaidi.

Mtoto anahitaji kushuka chini

Wapo bibi wanaoamini kwamba mtoto mchanga hapaswi kuwekwa chini kabisa, abebwe mgongoni au alale kitandani. Kwa baridi ya milimani na nyumba za zamani zenye sakafu ya udongo, walikuwa na sababu. Lakini shingo, mabega na mgongo wa mtoto hukomaa kwa kazi, na kazi hiyo hufanyika akiwa amelala kifudifudi huku yuko macho, akijaribu kuinua kichwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, linashauri mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa kidogo kidogo, akiwa macho na mtu yupo karibu. Mwongozo huohuo unasema asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kiti au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa bibi anayembeba mjukuu tangu asubuhi hadi mchana akikata majani ya ng'ombe, hilo la saa moja ni gumu, na halipaswi kusemwa kwa lawama. Dakika tano baada ya kila kumbadilisha nepi zinatosha kuanzia.

Sehemu ya kumlaza inahitaji mambo matatu: iwe safi, iwe na joto kiasi, na iwe ngumu vya kutosha ili uso wake usizame. Sharti la kuwa sponji halimo humo. Mkeka wa ukindu uliotandikwa juu ya blanketi zito lililonyooshwa vizuri unafanya kazi hiyohiyo, na mama ambaye hela ya kapeti haijapatikana hajamnyima mtoto wake kitu.

Usafi ndio unaosahaulika. Katika nyumba nyingi za kihamba, kuku hupita sebuleni, mbuzi wako hatua chache kutoka mlangoni, na viatu vya shambani huingia hadi ndani. Watafiti waliowahi kukaa na watoto wachanga vijijini Zimbabwe, wakiandika kila kinachoingia mdomoni mwao, waliona udongo na hata kinyesi cha kuku. Baadaye, katika utafiti mkubwa uitwao SHINE uliofuatilia zaidi ya wajawazito 5,000 na watoto wao nchini humo, baadhi ya familia zilipewa mkeka wa kuchezea unaosafishika pamoja na uzio wa plastiki, vyoo, na vifaa vya kunawia mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikatisha tamaa wengi: hatua hizo za usafi hazikuongeza urefu wa watoto wala hazikupunguza kuhara.

Kwa hiyo mzazi asiuziwe kapeti kama dawa ya minyoo au ya tumbo. Kuku akipita juu yake, ni sakafu tu yenye rangi.

Hatari ya kwanza ni kupaliwa

Mazungumzo mengi kuhusu makapeti haya huanzia kwenye kemikali, na kemikali zipo, zitafika. Ila kinachoweza kumwondoa mtoto ndani ya dakika chache ni kipande cha sponji kilichonasa kooni. Hicho ndicho cha kuangalia kwanza.

Mtoto wa miezi sita hadi kumi huijua dunia kwa mdomo. Meno mawili ya mbele yakishatoka, pembe ya kapeti huwa mahali pazuri pa kuyajaribia. Sponji laini hukatika. Kipande chake hunywea kikibanwa, kwa hiyo kinaweza kuingia mahali ambapo kitu kigumu cha ukubwa huohuo kisingeingia, kisha kikatanuka tena. Na tofauti na sarafu, sponji haionekani waziwazi kwenye picha ya eksirei, jambo linaloweza kumchelewesha daktari hata mtoto akishafikishwa Mawenzi au KCMC.

Herufi na namba zinazochomoka ni mbaya zaidi. Ile nukta ya herufi i, tundu la katikati la herufi O, jicho la samaki: vyote ni vipande vidogo vilivyokatwa tayari. Ndiyo maana makapeti mengi ya herufi, ukigeuza nailoni yake, yana alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto, namba 0-3 na mstari uliokatiza. Maana yake ni kwamba hayamfai mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Kiwanda chenyewe kimesema hivyo. Muuzaji akisema ni la mtoto mchanga, huenda hajawahi kuigeuza.

Kipimo cha viwandani cha vipande vidogo ni kikombe chenye upana wa milimita 31.7, kinachoingia humo hakifai kwa mtoto mdogo. Nyumbani, lile gamba la katikati ya karatasi ya chooni linaweza kusaidia. Ni pana kidogo kuliko kikombe hicho, na hiyo ni heri, kwa sababu sponji hubanika. Chochote kinachopita ndani yake kisibaki kwenye kapeti.

Ushauri hapa ni mfupi: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, achaneni na yenye herufi. Chukua lenye vipande vikubwa visivyo na kitu cha kuchomoka, au bora zaidi lile la kipande kimoja linalokunjwa au kuviringishwa. Yale ya meno pembeni huja na vipande vyembamba vya kumalizia ukingo. Hivyo navyo huchomoka, na mtoto huvipenda. Viondolewe.

Anayebaki na mtoto ajue la kufanya akipaliwa, si mama peke yake. Kama analia kwa sauti au anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Kama hatoi sauti, hawezi kulia na anabadilika rangi, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili na taya likishikiliwa, kisha hupigwa mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisichotoka, hugeuzwa chali na kukandamizwa mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Hurudiwa hivyo hadi kitoke, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta kitu kisichoonekana, maana hukisukuma ndani. Akilegea na kupoteza fahamu, huanza kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi bila kungoja gari lifike. Mama anaweza kuomba kuonyeshwa haya yote kliniki, siku ya kupima uzito, na ampeleke dada wa kazi naye aone.

Kemikali iliyoshtua Ulaya

Desemba 2010, Ubelgiji iliamua kuyaondoa sokoni makapeti ya sponji ya vipande baada ya vipimo kuonyesha kwamba yanatoa kemikali iitwayo formamidi. Mwezi huohuo Ufaransa nayo ikasimamisha mauzo yake kwa muda. Hayakuwa makapeti ya magendo. Yalikuwa yakiuzwa katika maduka ya kawaida ya vitu vya watoto.

Formamidi haiwekwi kwa makusudi ili iwepo. Sponji ya makapeti haya kwa kawaida ni aina ya plastiki iitwayo EVA, na ili iumuke kama mkate huchanganywa na kemikali inayotoa gesi ikipata joto. Formamidi ni mabaki ya mchakato huo. Umoja wa Ulaya umeiweka katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Tangu Mei 2017, sponji ya vitu vya kuchezea inayouzwa huko, kama ina zaidi ya miligramu 200 za formamidi kwa kilo, hairuhusiwi kutoa zaidi ya mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ndani ya siku 28 tangu kipimo kianze.

Hizo siku 28 zina maana kwa mzazi wa Moshi. Zinaonyesha kwamba kinachotoka kwenye sponji hupungua kadiri inavyokaa wazi. Kapeti lililotolewa kwenye nailoni leo na kulaliwa leo ndilo lenye mvuke mwingi zaidi. Likifunguliwa, likatenganishwa vipande na kuanikwa barazani kivulini kwa siku kadhaa, na bora zaidi wiki mbili au tatu, sehemu kubwa ya mvuke huo huenda na upepo. Mama anayerudi kazini mwezi ujao anunue mwezi huu. Ni hatua isiyogharimu kitu, ila wengi huiruka kwa sababu mtoto ameshaziona rangi.

Harufu je? Inasaidia nusu. Kapeti linalonuka rangi, petroli au gundi hadi kichwa kinagonga liachwe hapohapo. Lakini lisilonuka si kwamba limepona, kwa kuwa formamidi yenyewe karibu haina harufu. (Na lile lililopuliziwa manukato ya matunda ni la kulitilia shaka zaidi: kuna kinachofichwa.)

Yale yanayong'aa na kuteleza kama kitambaa cha meza cha plastiki huwa ya PVC, au yana tabaka la PVC juu. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, hivyo hulainishwa kwa kemikali, baadhi yake zikiwa za kundi la fthaleti ambazo Ulaya imeziwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika vitu vya watoto. Kwa macho hakuna awezaye kuzitambua. Kama maandishi hayasemi ni plastiki gani na duka lina la EVA lisilo na tabaka la kung'aa, chukua hilo la pili.

Alama zilizo kwenye nailoni

Wanunuzi waangalifu hutafuta herufi CE. Inafaa kujua kwamba alama hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kueleza kuwa amefuata kanuni za Ulaya. Kwa vitu vingi vya kuchezea hakuna ofisi iliyompa kibali kwanza. Mwaminifu huiweka kwa haki, na asiye mwaminifu huichapa tu. Yenye uzito zaidi ni maandishi yanayoambatana nayo: jina kamili la mtengenezaji, anwani, namba ya toleo, aina ya plastiki, umri, na kiwango cha EN 71 kinachohusu usalama wa vitu vya kuchezea. Kapeti lisilo na jina la aliyelitengeneza halina mtu wa kuulizwa.

Kwa upande wa nchini, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Bidhaa zinazohusika hupewa cheti, lakini ni cha shehena, nacho hubaki kwa mwagizaji; mama aliyesimama kwenye kibanda hawezi kukiona. Anachoweza kufanya ni kununua kwa mtu mwenye duka na risiti. Kapeti likimvunjikia mkononi baada ya wiki mbili, risiti ndiyo ya kurudi nayo, au ya kwenda nayo TBS kulalamika. Kwa mtu wa kutandaza chini ambaye Jumamosi yupo na Jumatatu hayupo, hakuna pa kurudi.

Majaribio mengine hufanywa hapohapo kwa vidole. Bonyeza kwa dole gumba kisha achia: sponji irudi mara moja. Ikibaki na shimo ni laini mno kwa mtoto mchanga. Kwaruza ukingo kwa ukucha. Ukitoka unga, hata meno mawili yatautoa. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji, au leso ya mfukoni, na ukiona imepaka, mate ya mtoto yatafanya vivyo hivyo. Pindua nyuma uone kama pana mikwaruzo ya kushika sakafu, kwa kuwa saruji yenye polishi huteleza, na anayeanguka si mtoto tu, ni bibi aliyembeba pia.

Kuhusu ukubwa, hesabu kwanza. Vipande tisa vya sentimita 30 hufanya mraba wa sentimita 90 tu, ambao mtoto anayejiviringisha huumaliza kwa mizunguko miwili. Vinne vya sentimita 60 hutoa mita 1.2 kwa 1.2. Unene wa sentimita moja na nusu hivi unatosha kwa anayejifunza kukaa. Hakuna unene unaofanya iwe salama kuanguka kutoka kitandani, na kapeti lisitandikwe kando ya kitanda kwa matumaini hayo. Ambaye hela yake inatosha kitu kimoja, kati ya kapeti na kile kigari cha kumtembeza mtoto, achague kapeti. Vigari hivyo Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha.

Ya mitumba nayo? Kiboriloni na Memorial hupatikana yaliyotumika, kwa bei ya chini. Kwa jambo moja yana nafuu: yaliyokaa wazi miaka yameshatoa sehemu kubwa ya mvuke wake. Kwa mengine yana hasara. Huwa yamechakaa kingo, meno yamelegea, na mengine yalitengenezwa kabla kanuni hazijakazwa. La EVA lililo zima, lisilopukutika, laweza kufaa likisuguliwa kwa sabuni na kukaushwa. La PVC la zamani liachwe.

Kipande cha godoro kuukuu kilichokatwa na kuvikwa kitenge, ambacho nyumba nyingi hutumia, kina kasoro kubwa kuliko vyote. Ni laini kiasi cha uso kuzama, hunywa mkojo, na hukatika kwa kuvutwa tu na vidole vya mtoto.

Kapeti likishafika nyumbani

Liwekwe mbali na jiko. Milimani, Julai, jiko la mkaa huingizwa ndani kupasha chumba joto, na hapo pana hatari mbili kwa pamoja. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ya monoksidi ya kaboni, inayoua watu wakiwa wamelala. Na sponji ya EVA hushika moto, ikayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Chumba alimo mtoto kisiwe na jiko la mkaa, liwepo kapeti au lisiwepo. Joto lipatikane kwa soksi, sweta na blanketi chini ya mkeka.

Mtoto akisinzia hapo, ageuzwe chali, vitu vya kuchezea na khanga zilizolegea ziondolewe karibu na uso wake, kisha ahamishiwe anapolala. Kapeti ni la kuchezea akiwa macho, mtu mzima akiwa anamwona. Dada wa kazi akienda kuchota maji au kuangalia sufuria, aondoke na mtoto.

Masika ni adui wa pekee. Kuanzia Machi hadi Mei unyevu hupanda kutoka kwenye saruji na kunaswa chini ya vipande, na ukungu mweusi huanza kwenye meno ambako hakuna anayetazama. Angalau mara moja kwa wiki kapeti lote linyanyuliwe, pande zote mbili zifutwe kwa maji ya sabuni, sakafu ikauke, ndipo lirudishwe. Lianikwe kivulini, kwa sababu jua kali hulikakamaza na kulifanya lipukutike. Viatu visilikanyage, na kuku afukuzwe.

Siku ambayo kingo zimeanza kutoa unga, au alama za meno zimegeuka kuwa mapengo, kapeti limemaliza kazi kwa mtoto. Linaweza kwenda kuwekwa chini ya magoti ya anayedeki, au chini ya beseni la kufulia. Lisichomwe kwenye shimo la taka mgombani; moshi wa plastiki hiyo utarudi palepale barazani alipokaa mtoto.